Wa Kushuka Kwa Nurdin

Sehemu ya Tisa

Wiki jana tulimwacha Tunu kituoni, uma mkononi, vitumbua vinaungua kikaangoni, na yule binti karani wa kuhesabu abiria kamwinamia kutoka dirisha la basi na kumwambia maneno haya:

"Mama, huyu mzee wa mwisho kushuka kaniambia yeye ndiye Nurdin mwenyewe."

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, pole yako, sogea nikukumbushe. Nurdin ni mume wa Tunu, fundi wa kufuli wa Toangoma. Miaka imepita tangu asubuhi ile alipoitwa Kimbiji kwenda kufungua mlango wa nyumba ambayo mwenyewe kapoteza ufunguo. Alibeba tupa zake za kunolea, akapanda gari, na hakuonekana tena, si mzima wala maiti. Kilichobaki ni jina lake tu. Kituo cha basi kinaitwa Kwa Nurdin, na makonda wanalipigia kelele kutwa nzima.

Shemeji yake Tunu, Badru, mdogo wake Nurdin, kambembeleza mpaka kachoka. Anataka kaka yake asomewe khitma kama marehemu wengine, na Tunu akae eda, amalize, aendelee na maisha. Tunu akaapa mbele ya ukoo mzima: "Siku konda akiacha kuita Kwa Nurdin, siku hiyo nitakaa eda. Kabla ya hapo mie nina mume!"

Ndipo wakaja wakubwa wa usafiri. Mabasi mapya yanaletwa, njia zinapangwa upya, na kituo kisicho na watu wa kukitumia kinafutwa. Kila gari limewekewa karani mlangoni na tableti yake, anabonyeza kila anayepanda na kila anayeshuka. Tunu wetu mnamjua, hakukaa akisubiri kudra. Mtaa mzima kauomba ushukie Kwa Nurdin, hata wale ambao nyumba zao ziko kituo cha mbele. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuhesabu.

Haya, tuendelee.

"Umesema nani?" Tunu akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Nurdin," akajibu karani. Binti huyu anaitwa Lulu, mdogo wa umri, mpole, hana masihara. "Mimi nilimtania tu. Nikamwambia, mzee, leo kila mtu anashukia hapa, kwani kuna shughuli? Akacheka. Akasema, 'Hao sijui. Mie nashuka kwangu. Mie ndiye Nurdin.'"

"Yuko wapi?"

"Si huyo ha..."

Lulu akanyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani. Pale chini walikuwepo wale wale wa kila siku: mama mwenye ndoo, vijana wawili wa ujenzi, na Monica na kapu lake la mchicha. Mwanaume mtu mzima hakuwepo.

"Cyprian!" Tunu akapiga kelele. "Gari lisiondoke!"

Cyprian, konda, akachungulia kwa unyonge. "Bi Tunu, dereva kashaanza kununa."

"Anune! Nani kashuka mwisho?"

Cyprian akakuna kichwa. Tafadhali kumbuka jambo moja, msomaji wangu: Cyprian alianza kazi njia hii Nurdin keshapotea. Sura yake hajawahi kuiona, hata kwenye picha.

"Nilimwona," akasema. "Mzee wa kofia ya kijani. Kakaa siti ya nyuma dirishani tangu Mbagala. Nilijua ni katika wale watu wako uliowapanga. Nikamwambia, mzee, shuka na mguu wa kushoto. Akasema, 'Usinifundishe kushuka kwangu, kijana.' Alipofika chini akaligonga bodi kwa kiganja mara mbili, akasema, 'Mzima, nenda.'"



Mzima, nenda! Mungu wangu! Hayo yalikuwa maneno ya Nurdin ya kila siku. Alikuwa kila akimaliza kutengeneza kufuli ya mtu, anaigonga kwa kiganja mara mbili, anaikabidhi na kusema: mzima, nenda. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwigiza. Cyprian angeyajulia wapi?

"Ni yeye," Tunu akasema, na machozi yakamtangulia. "Jamani, ni yeye! Mume wangu karudi!"

"Subiri kwanza," akadakia Monica.

Monica ni jirani wa siku nyingi, mtu wa Masasi, mchonga vinyago kwa mikono yake mwenyewe, na akisema jambo huwa halirembi. Leo uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Cyprian, unasema kakaa siti ya nyuma, dirishani?"

"Ndiyo. Upande wa kulia."

"Acha uongo. Siti ya nyuma nilikaa mie. Na hapo dirishani upande wa kulia nililiweka kapu langu, tangu Mbagala mpaka hapa. Hakuna mtu aliyekaa hapo."

Dereva naye akageuza shingo kusikiliza.

"Sista," Cyprian akamgeukia Lulu, "wewe si ulimwona?"

"Nilimwona kama ninavyokuona. Nikambonyeza." Lulu akaitazama tableti yake. Akaitazama tena. Akasimama, akahesabu vichwa vya waliobaki ndani, midomo ikimcheza. Akarudia.

"Nini?" akauliza Tunu.

"Hii inaniambia ndani ya gari wamebaki watu kumi na mmoja. Mie nawaona kumi na wawili."

"Maana yake?"

"Maana yake kuna mtu mmoja nimemshusha," Lulu akasema taratibu, "na sikumpandisha."

"Yesu na Maria!" Monica akapiga ishara ya msalaba, kapu likamponyoka.

"Labda kidole kiliteleza," Tunu akasema haraka. "Binti, watu wanakosea. Wewe niambie alivyokuwa. Kachoka? Kakonda?"

Lulu akasita. Alimtazama yule mama mbele yake, na akatamani asiseme. Lakini akasema.

"Alikuwa safi tu, mama. Ila alikuwa ananukia. Siku tulipomwosha babu yetu, nyumba nzima ilinukia vile."

"Karafuu maiti," akanong'ona Monica.

Lulu akaitikia kwa kichwa.

Lakini mwanamke huyu kangoja miaka na miaka. Harufu itamrudisha nyuma wapi? Akafungua khanga yake, akajifunga upya kwa nguvu. Alikuwa tayari kumpokea Nurdin kwa hali yoyote atakayokuja nayo.

"Nakwenda kumtafuta."

"Mama, kuna jingine," Lulu akasema, na sasa hata yeye alikuwa na machozi. "Nisamehe. Msimamizi wetu kashajua. Kaambiwa kwamba watu wenu wanashukia hapa halafu wanatembea mpaka kituo cha mbele. Kasema nisimhesabu yeyote wa mtaa huu, hata anayekaa hapa. Aliyeshuka hapa leo kwa haki, mwenye safari yake ya kweli, ni yule mzee peke yake. Na mtu mmoja hatoshi. Kituo kinafutwa. Kuanzia Jumatatu basi litapita moja kwa moja."

Yarabi toba! Ona mambo yanavyokuja, msomaji. Siku mume anaporudi ndiyo siku jina lake linapokufa. Na kiapo ni kiapo. Jumatatu konda hataita, na Jumatatu hiyo hiyo Tunu anatakiwa ajifungie ndani akae eda ya mtu aliyeshuka kwenye basi jioni hii kwa mguu wa kushoto.

Gari likaondoka. Cyprian alining'inia mlangoni akiangalia nyuma, hakuita kituo kinachofuata.

Tunu akakimbilia kijiwe cha bodaboda, Monica nyuma yake. Pale alikuwepo kijana mmoja, Farhan, kalala juu ya pikipiki yake.

"Farhan! Umeona mzee wa kofia ya kijani?"

"Shikamoo mama. Huyo mzee? Nimemwona. Yaani yule kachanganyikiwa kabisa."

Tunu akamgeukia Monica. "Umesikia? Farhan kamwona!"

"Kaniuliza hapa ni wapi," Farhan akaendelea. "Nikamwambia hapa Kwa Nurdin. Akanikatalia! Ananiambia, 'Hapana, mwanangu. Kwa Nurdin nakujua mie. Hapa sipo.' Nikamwambia mzee, hapa tangu nije kijiweni panaitwa Kwa Nurdin. Akaanza kuangaza huku na huku kama mtu aliyeamka nyumba ya watu. Kanitia huruma, kwa kweli."

"Kaenda wapi?"

"Sikuangalia. Nikajilaza tena."

Uma wa vitumbua, ambao Tunu alikuwa bado anao mkononi, ukaanguka chini.

Hapa sipo.

Nurdin, awe hai au vyovyote alivyo, kasema kweli. Hapa hapakuwa kwake, na hapajawahi kuwa!

Karakana ya Nurdin iko ng'ambo ya bonde, kwenye ile barabara ya zamani ya vumbi. Magari yalikuwa yakipita kule, na makonda wakaita Kwa Nurdin kwa sababu Nurdin alikuwa pale, benchi lake nje, kufuli zimening'inia. Kisha ikajengwa lami upande huu. Magari yakahamia lami, barabara ile ikaota majani. Na jina je? Jina lingekufa kule kule, kama majina ya vituo vingine vyote vilivyoachwa. Aliyelivusha bonde ni Tunu. Alihamisha kikaango chake akaja kukaa kando ya lami, akamwendea Cyprian, akamsihi: "Mwanangu, hapa nilipo paite Kwa Nurdin. Mume wangu akirudi atamwambia konda nini?" Cyprian akaita. Wenzake wakaiga. Haukupita muda, kila mtu akaita hivyo, mpaka na vibao vya maduka.

Kuhamisha jina la kituo ni jambo la kawaida kwetu, makonda hufanya kila leo na hakuna anayeshtuka. Tunu alilihamisha kwa mapenzi. Ndivyo alivyompoteza mume wake siku aliyorudi.

"Nimemwekea jina mahali pasipo pake!" akalia. "Da Monica, mume wangu kashuka akanikosa kwa sababu yangu mie mwenyewe!"

"Basi tumuite Badru. Duka lake la mbao hilo hapo. Twende wengi."

"Badru atataka tuzungumze kwanza. Mie siendi kuzungumza." Tunu akaanza kushuka bondeni.

"Tunu! Kule hapaingii mtu siku hizi!"

"Nurdin ataingia. Ndiyo kwake."

Monica alimfuata mpaka kwenye kijidaraja cha magogo. Pale akasimama, akashika rozari yake shingoni.

"Mie nafika hapa," akasema bila kuficha. "Naogopa, shoga yangu. Nitakungoja hapa hapa, na nitakuwa nakuita. Uwe unaniitikia."

Tunu akavuka.

Jua lilikuwa bado lipo, lakini upande ule lilionekana kama la siku nyingine. Barabara ya zamani imeingiwa na majani mpaka katikati. Kibanda cha kungojea gari bado kimesimama, na benchi lake, na hakuna mtu. Unajua, kituo kilichoachwa kinatisha kuliko makaburi. Makaburini angalau unajua waliopo wameshafika.

"Tunu!" Monica akaita kwa mbali.

"Nipo!"

Aliongea peke yake akitembea, kama wafanyavyo wenye hofu. "Mume wangu, nisamehe. Sikulihamisha ili upotee. Nilitaka liendelee kuitwa tu. Ukinikuta nimezeeka usiseme kitu, na mie sitasema kitu."

Maana Nurdin naye alikuwa na lake, na hili lishike vizuri. Hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Wenzake wakiita mama fulani, bibie, mpenzi, yeye tangu siku ya ndoa alimwita mwenzangu. Na alilisema ndani tu, wakiwa wawili. Nje hakulitamka hata siku moja, alikuwa anaona haya. Hakuna masikio mengine ya binadamu yaliyowahi kulisikia.

Karakana ikatokea. Mabati yameota kutu, kibao cha rangi kimefutika. Mlangoni palikuwa na kufuli aliyoifua Nurdin mwenyewe, nzito kama jiwe la kusagia, yenye ufunguo mmoja tu duniani. Ufunguo huo aliuvaa shingoni kwa kamba nyeusi, na shingoni ndipo ulipokuwa siku aliyokwenda Kimbiji. Badru alishataka kuivunja kufuli ile kwa nyundo. Tunu alijitandaza mlangoni, akamwambia avunje yeye kwanza.

Sasa akaitazama.

Kufuli ilikuwa wazi.

Ilikuwa inaning'inia kwenye pete yake. Na ndani yake umo ufunguo. Na kwenye ufunguo imo kamba nyeusi.

"Tunu!" Monica akaita.

Tunu hakuitikia. Akanyoosha mkono, akauchomoa ufunguo kwa kamba yake. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichovuliwa mwilini sasa hivi.

Halafu akasikia. Kutoka ndani ya mlango ule, taratibu, bila haraka yoyote: khiriii, khiriii, khiriii. Tupa juu ya chuma. Mtu ananoa ufunguo. Na upenyoni ikamjia harufu aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake, mafuta ya mashine na chuma kilichochomwa na jua. Karafuu maiti haikuwepo hata chembe.

"Alhamdulillahi," akasema. Akaweka kiganja mlangoni asukume.

Simu yake ikalia.

Aliruka nusura aanguke. Akaitazama: Badru.

"Shemeji, siwezi kuongea sasa..."

"Shemeji! Uko wapi?" Badru alikuwa analia, tena analia kwa furaha, maneno yanagongana. "Njoo dukani! Njoo mbio! Hakuna khitma tena, hakuna eda! Kaka karudi! Ninaye hapa!"

Tunu akauondoa mkono mlangoni.

"Unaye nani?"

"Nurdin! Nimemkuta anazunguka barabarani na kofia yake ya kijani, anawauliza watu kwake ni wapi. Nikamtazama, naona ni damu yangu! Nimemkalisha. Anatetemeka tu, shemeji, nimemfunika blanketi mbili, mikono yake haipati moto. Chai kaiweka mbele, hainywi. Lakini ni yeye! Kanitajia mpaka jina nililokuwa naitwa nikiwa mtoto. Ongea naye, ongea naye mwenyewe!"

Nyuma ya mlango, khiriii, khiriii.

Simu ikabadilishwa mikono. Kwanza alisikia mtu akihema kwa mbali. Kisha ikaja sauti, dhaifu, ile ile, na Tunu angeitambua hata katikati ya soko la Tandika.

"Mwenzangu."

Machozi yakammwagika Tunu. Akaziba mdomo kwa khanga.

"Mwenzangu, mbona mmenihamishia kwangu? Nimeshuka walipoita jina langu, nikakuta si pangu. Nimehangaika sana. Karakana siioni. Ufunguo ninao hapa shingoni, na mlango siuoni."

Tunu akautazama ufunguo. Ufunguo mmoja tu duniani, na kamba yake nyeusi, umo katika kiganja chake, una joto.

"Mwenzangu, unanisikia? Njoo unichukue. Nina baridi."

"Na... nakusikia," Tunu akasema kwa sauti isiyozidi pumzi.

Mle ndani, tupa ikanyamaza.

Kiti kikasogezwa. Nyayo zikaja taratibu mpaka nyuma ya mlango, zikasimama. Kiganja kikaugonga ubao kwa ndani, mara mbili. Kisha ikatoka sauti, nzima, tulivu, ya mtu aliyekatishwa kazi yake:

"Mwenzangu, unaongea na nani huko nje?"